Maswali ya Wasomaji: Kasi ya SSD Inapanda, Mbona Bei Haishuki?

Swali: Ndugu Mhariri, nimezoea kuona kwamba kifaa kipya cha elektroniki kikitoka, cha zamani hushuka bei. Televisheni zimekuwa hivyo na simu zimekuwa hivyo. Katika diski za SSD, zile zinazohifadhi kwenye chipu bila kitu kinachozunguka ndani yake, naona kinyume chake. Mwaka 2023 nilimnunulia binti yangu diski ya terabaiti moja kwa ajili ya kompyuta yake. Juzi nilirudi Kariakoo kutafuta nyingine ya ukubwa uleule, nikakuta zilizopo zimeandikwa kasi maradufu ya ile ya kwanza, lakini bei imepanda. Je, tunalipishwa hiyo kasi? Na kama teknolojia inakua, faida yake inakwenda wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu yetu wa Morogoro, hulipishwi kasi. Sehemu kubwa ya fedha unayotoa ni ya nafasi ya kuhifadhia, yaani wingi wa silikoni uliomo ndani ya diski, ilhali kasi iliyoandikwa kwenye kasha hutokana na mambo mengine ambayo, ukiyagawa kwa kila diski inayouzwa, humgharimu mtengenezaji kidogo sana. Mambo haya mawili hayaendi pamoja, na wanaoandika matangazo wanayachanganya kwa sababu kasi ndiyo inayovutia macho.

Ukiibandua lebo ya diski ya kisasa ya umbo la M.2, ile nyembamba yenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, utaona vitu vichache sana. Kuna chipu moja au zaidi za kumbukumbu aina ya NAND, ambazo ndizo zinazohifadhi mafaili yako hata umeme ukizimwa. Teknolojia hiyo iliwasilishwa mwaka 1987 na Mjapani Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba. Kuna chipu nyingine moja iitwayo kontrola, inayoamua nini kiandikwe wapi na kusahihisha makosa. Katika diski za daraja la juu huwapo pia chipu ya kumbukumbu ya muda, aina ya DRAM, ambayo kwa kawaida huwa gigabaiti moja kwa kila terabaiti moja ya nafasi. Katika orodha hiyo fupi, NAND ndiyo inayobeba uzito wa bei, na kadiri diski inavyokuwa kubwa ndivyo uzito huo unavyoongezeka.

Kasi ilipatikanaje basi? Diski za mwanzo zilitumia njia ya SATA, iliyobuniwa kwa ajili ya diski za kuzunguka, na njia hiyo haipitishi zaidi ya megabaiti 560 hivi kwa sekunde. Mwaka 2011 ulitolewa utaratibu mpya wa mawasiliano uitwao NVMe, unaoiruhusu diski kutumia njia ya PCIe iliyozoea kutumiwa na kadi za michoro. Kizazi cha tatu cha PCIe kikazipa diski kasi ya megabaiti 3,500 hivi kwa sekunde. Kizazi cha nne, kilichoanza kuingia kwenye kompyuta za nyumbani mwaka 2019, kikafika 7,000. Na cha tano, ambacho diski zake zilianza kuuzwa madukani mwaka 2023, kimefika 14,000. Kila kizazi kimezidisha kasi mara mbili bila kuongeza hata biti moja ya nafasi. Fikiria ghala la nafaka: ukilivunja ukuta na kuongeza milango, magunia yatatoka upesi zaidi, lakini ghala halitameza gunia moja zaidi ya lile lililokuwa likimeza jana. Kontrola mpya nazo husanifiwa na kampuni chache, kama vile Phison na Silicon Motion za Taiwan, na ingawa usanifu wenyewe ni ghali, gharama hiyo hugawanywa kwa mamilioni ya diski. Ndiyo maana diski za kizazi kipya huanza na bei ya juu kwa muda, kisha tofauti hiyo hupungua, na kinachobaki kuamua bei ya diski ni NAND.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo naomba unistahimilie. NAND huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno. Seli ya aina ya kwanza ilibeba biti moja, yaani kipande kidogo kabisa cha data, na kazi ya kontrola ilikuwa kutofautisha viwango viwili tu vya chaji. Wahandisi wakaifanya seli ileile ibebe biti mbili, jambo linalohitaji viwango vinne. Kisha biti tatu, viwango vinane. Na sasa biti nne, viwango 16, vyote vikibanwa ndani ya seli moja isiyoonekana kwa macho. Angalia faida yake ilivyokuwa ikipungua. Kutoka biti moja hadi mbili, nafasi iliongezeka kwa asilimia 100. Kutoka mbili hadi tatu, iliongezeka kwa asilimia 50. Kutoka tatu hadi nne, ni asilimia 33 tu, na kwa nyongeza hiyo ndogo seli imekuwa ya polepole zaidi kuandikwa, imekuwa nyepesi kukosewa, na imechakaa mapema zaidi. Njia hii ya kupunguza gharama haijaisha kabisa, lakini utamu wake mwingi umekwisha kuliwa.

Njia ya pili ilikuwa kupunguza ukubwa wa seli zenyewe, nayo ilikwama pale seli zilipokaribiana kiasi cha kuingiliana chaji. Mwaka 2013 Samsung ikaanza kuuza NAND ya matabaka, ambamo seli hupangwa kwenda juu badala ya kutandazwa, ikiwa na matabaka 24. Leo matabaka yamevuka 300. SK Hynix ya Korea Kusini ilitangaza mwezi wa Novemba 2024 kwamba imeanza kuzalisha kwa wingi chipu za matabaka 321. Mtu akisikia hivyo hudhani gharama imegawanywa kwa kumi na zaidi. Sivyo. Kila tabaka ni utando unaotandazwa na mashine, na baada ya tando zote kuwekwa, mashimo membamba mno hutobolewa kutoka juu hadi chini kwa gesi yenye chaji, mabilioni na mabilioni ya mashimo katika sahani moja ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, na kila shimo lazima liwe wima na lenye upana ulio sawa hadi mwisho. Kadiri rundo linavyorefuka, ndivyo kila sahani inavyokaa muda mrefu zaidi ndani ya mashine, na kiwanda kinachotaka kutoa sahani zilezile kwa mwezi hulazimika kununua mashine zaidi. Sahani moja huchukua miezi kama mitatu tangu kuingia kiwandani hadi kutoka, na kiwanda kizima cha kisasa cha kumbukumbu hugharimu zaidi ya dola bilioni 10.

Pamoja na hayo yote, si haki kusema kwamba bei haijashuka kamwe. Mwaka 2008 Intel ilipotoa diski yake ya X25-M ya gigabaiti 80, yenye kasi ya kusoma ya megabaiti 250 kwa sekunde, bei yake ya jumla ilikuwa dola 595, yaani zaidi ya dola saba kwa kila gigabaiti. Katikati ya 2023 diski ya terabaiti moja yenye kasi mara nyingi ya hiyo ilipatikana kwa takriban dola 50, sawa na senti tano kwa gigabaiti. Hayo ni maporomoko ya zaidi ya mara 100 ndani ya miaka 15. Hatuyahisi kikamilifu kwa sababu wauzaji hawatuuzii ukubwa uleule kwa bei inayopungua daima. Gharama ya kontrola, ubao, majaribio, ufungaji na usafirishaji haipungui pamoja na nafasi, hivyo diski ya gigabaiti 128 haiwezi kuuzwa kwa thumuni ya bei ya terabaiti moja; inapofikia kiwango fulani haishuki tena, huondolewa sokoni na nafasi yake huchukuliwa na kubwa zaidi kwa bei iliyo karibu na ileile.

Jambo ambalo limekuumiza wewe hasa, ndugu, ni mwaka ulionunua. Bei ya NAND hushuka kwa mawimbi, na mwaka 2023 ulikuwa shimo la wimbi. Wakati wa janga la korona watu walinunua kompyuta kwa wingi, viwanda vikapanua uzalishaji, na mwaka 2022 mahitaji yalipoanguka maghala yakajaa. Kioxia ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa kitengo cha kumbukumbu cha Toshiba, ilipunguza uzalishaji kwa asilimia 30 hivi kuanzia Oktoba 2022; Micron ya Marekani ikafuata mwezi uliofuata, na Samsung, iliyokuwa imekataa kwa miezi kadhaa, ikakubali kupunguza uzalishaji wa kumbukumbu mwezi wa Aprili 2023. Kitengo cha semikondakta cha Samsung kilipata hasara ya karibu woni trilioni 15 katika mwaka huo mmoja. Kwa maneno mengine, diski uliyomnunulia binti yako iliuzwa wakati watengenezaji wanapoteza fedha, na bei ya namna hiyo haikuwa na uwezo wa kudumu. Uzalishaji ulipopungua, bei zikaanza kupanda mwishoni mwa mwaka uleule.

Mawimbi haya ni makali kwa sababu wazalishaji ni wachache. Karibu NAND yote duniani hutoka kwa Samsung, SK Hynix, Kioxia, SanDisk, Micron na YMTC ya Uchina, na kati ya hao Kioxia na SanDisk hutumia viwanda vya pamoja huko Yokkaichi na Kitakami, Japani. Mwezi wa Juni 2019 umeme ulikatika katika eneo la Yokkaichi kwa dakika 13, na Western Digital, iliyokuwa mshirika wa viwanda hivyo wakati ule, ikatangaza kupoteza takriban eksabaiti sita za uzalishaji. Februari 2022 malighafi iliyochafuka iliingia katika viwanda hivyohivyo na hasara ikawa si chini ya eksabaiti 6.5. Eksabaiti moja ni terabaiti milioni moja. Bidhaa ambayo dakika 13 za giza katika mji mmoja zinaweza kuitikisa dunia nzima haiwezi kuwa na bei tulivu.

Kuhusu YMTC, nitasema ninavyoamini. Kampuni hiyo ya Wuhan, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilikuwa ikikua haraka na kuleta ushindani ambao soko hili linauhitaji sana. Desemba 2022 serikali ya Marekani iliiweka katika orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kupata teknolojia na mitambo ya Marekani bila kibali. Wenye ugomvi huo wana sababu zao za kiusalama, lakini mnunuzi wa Morogoro asiyehusika nao anabeba sehemu ya gharama yake, na ni vizuri alijue hilo.

Tangu nusu ya pili ya 2025 limeongezeka jambo jipya, nalo ndilo lililokukuta dukani. Vituo vya data vinavyoendesha akili mnemba vinahitaji kumbukumbu za kila aina kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana. Solidigm, kampuni tanzu ya SK Hynix, ilitangaza mwishoni mwa 2024 diski moja ya terabaiti 122 kwa ajili ya seva. Diski moja kama hiyo humeza NAND ambayo ingetosha diski zaidi ya 120 za ukubwa wa yako, na wanunuzi wake huagiza kwa maelfu, hulipa mapema na hawabishani bei. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na chapa yake ya Crucial, iliyokuwa ikiuza diski na kumbukumbu kwa watu wa kawaida, ili ielekeze bidhaa zake kwa wateja wakubwa. Umeuliza faida ya teknolojia inakwenda wapi. Kwa sasa sehemu yake kubwa inakwenda huko: silikoni zaidi inazalishwa, lakini anayepanga foleni mbele yetu ana mfuko mzito kuliko wetu.

---

Swali: Kwako Mhariri, mwaka 2023 nilifuatilia bei za SSD katika mitandao ya ng'ambo, na kila mwezi zilikuwa zikiteremka. Nilipokwenda maduka ya Luthuli Avenue hapa Nairobi sikuona mteremko wa kiasi hicho. Je, wauzaji wetu walikula tofauti?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Wapo wauzaji wenye tamaa katika kila mji, lakini kwa mwaka huo ningewatetea wengi wao. Diski hizi hununuliwa kwa dola, na shilingi ya Kenya ilianza 2023 ikibadilishwa kwa takriban 123 kwa dola na kuumaliza mwaka ikiwa karibu na 157. Chukua mfano wa kubuni tu: diski iliyoshuka kutoka dola 70 mwezi wa Januari hadi dola 55 mwezi wa Desemba ingemgharimu mwagizaji shilingi 8,610 mwanzoni na shilingi 8,635 mwishoni. Bei ya dunia imeshuka kwa zaidi ya asilimia 20, na mteja wa Nairobi hajapata hata shilingi moja ya nafuu.

Juu ya hapo inaongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Kenya ni asilimia 16 na kwa Tanzania bara asilimia 18, pamoja na ada za bandarini na faida ya kila mkono unaopitia mzigo. Kuna pia jambo ambalo wateja huliona kuwa dhuluma ingawa lina maana yake: mfanyabiashara mdogo hupanga bei kwa kuangalia atakachotoa kununulia mzigo ujao, si alichotoa kununulia ulioko rafuni. Bei ya dunia ikipanda, yeye hupandisha kesho yake, kwani asipofanya hivyo hatakuwa na mtaji wa kurudishia bidhaa. Ikishuka, hungoja mzigo wa bei ya zamani uishe kwanza. Kutokana na hayo, kupanda hutufikia upesi na kushuka hutufikia kwa kuchelewa.

Shilingi ilipopata nguvu na kutulia kwenye 129 hivi tangu katikati ya 2024, bei ya dola ilikuwa tayari imeanza kupanda. Nakiri kwamba wanunuzi wa Kenya waliukosa mteremko huo kwa njia ya kusikitisha.

---

Swali: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na nina kompyuta mpakato ya zamani yenye diski ya kuzunguka. Kuiwasha tu nachemsha chai na kuinywa. Fundi mmoja ananishauri ninunue SSD ya kizazi cha tano kwa kuwa ndiyo ya kisasa, na rafiki yangu ananiambia nisubiri bei zishuke. Nifuate ushauri wa nani?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimfuate yeyote kati yao.

Kompyuta ya umri huo, kwa uwezekano mkubwa, ina nafasi ya diski ya SATA ya inchi 2.5 peke yake, na diski ya kizazi cha tano haitaingia humo kabisa. Hata ingekuwa na tundu la M.2 la kizazi cha tatu, diski hiyo ingefanya kazi kwa kasi ya tundu, nawe ungekuwa umelipia uwezo usioweza kuutumia. Mwambie fundi aifungue kwanza muone kilichomo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kasi za kwenye kasha hupimwa kwa kusoma faili moja kubwa mfululizo. Kompyuta inapowaka haifanyi hivyo; inasoma maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika. Diski ya kuzunguka hulazimika kusogeza kichwa chake kwa kila kipande, na kila msogeo huchukua milisekunde kumi au zaidi. SSD yoyote, hata ya bei ndogo ya SATA, hukipata kipande hicho kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ukitoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda SATA, unapiga hatua ya mara 100 katika kazi hiyo. Ukitoka SATA kwenda kizazi cha tano, ambacho kwenye kasha kina kasi mara 25, katika kazi hiyohiyo huwa hupati hata mara tatu, kwa kuwa muda wa seli ya NAND kusomwa haujabadilika sana. Kwa mwanafunzi anayeandika insha, kufungua mtandao na kusikiliza mihadhara, SATA ya gigabaiti 240 au 256 inatosha, na hiyo ndiyo diski ambayo kupanda kwa bei ya NAND kunaigusa kwa uchache zaidi, kwa vile ina NAND kidogo.

Kuhusu kusubiri, wimbi litashuka siku moja kama yalivyoshuka yaliyotangulia, lakini viwanda vipya huchukua miaka kujengwa na masomo yako hayasubiri. Kama chuo kinakudai kazi kila wiki, nunua ndogo sasa.

Nakuomba tu uwe mwangalifu na kitu kimoja. Bei zinapopanda, diski za ukubwa wa uongo huongezeka sokoni. Utaona diski ya nje iliyoandikwa terabaiti 16 ikiuzwa chini ya bei ya terabaiti moja halali. Ndani yake huwa na chipu ndogo ambayo programu yake imebadilishwa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Utanakili mafaili, majina yake utayaona, lakini yaliyozidi ukubwa halisi yatakuwa yamepotea. Kabla hujaiamini diski, ijaze yote kwa programu ya bure kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ambazo huandika data hadi mwisho wa nafasi na kuisoma tena kuihakiki. Mwombe muuzaji akupe siku kadhaa za kuirudisha, na akikataa, nenda duka la pili.

---

Swali: Ndugu Mhariri, tuna studio ndogo ya video za harusi hapa Unguja. Harusi moja hutuachia mamia ya gigabaiti, na wateja hurudi hata baada ya miaka mitatu kuomba nakala. Tunahifadhi katika diski za kuzunguka lakini tunatamani kuhamia SSD moja kwa moja. Ni lini bei zao zitalingana?
*Msomaji, Unguja*

Jibu: Sioni zikilingana hivi karibuni, na kwa kazi yenu nisingeomba muda huo ufike haraka. Watu walitabiri kwa miaka mingi kwamba SSD zitaziua diski za kuzunguka, wakasahau kwamba diski za kuzunguka nazo hazikusimama. Mwezi wa Januari 2024 Seagate ilitangaza diski za terabaiti 30 zinazopasha sumaku joto kwa leza wakati wa kuandika, na kwa kila terabaiti diski za namna ya kuzunguka bado ni nafuu mara kadhaa kuliko SSD.

Hata zingelingana bei, SSD si mahali pa kuweka harusi ya mtu kwenye kabati kwa miaka mitatu. Chaji iliyonaswa ndani ya seli huvuja polepole diski isipopewa umeme. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikiwa imefikia mwisho wa uandishi ulioidhinishwa, iweze kuhifadhi data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30 za joto. Diski iliyo mpya huhimili muda mrefu zaidi ya huo, lakini joto huharakisha uvujaji, na chumba kisicho na feni mwezi wa Februari hapo Unguja huzivuka nyuzi 30 bila shida.

SSD itawafaa sana mahali pengine, yaani kwenye meza ya uhariri. Hapo msikubali kuvutwa na bei ya diski za biti nne kwa seli bila kujua tabia yake. Diski hizo hutenga sehemu ya nafasi na kuitumia kwa muda kama seli za biti moja, ndiyo maana kunakili kunaanza kwa kasi ya maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Sehemu hiyo ikijaa, na video ya harusi huijaza mapema, kasi inaweza kuanguka hadi megabaiti 100 hivi kwa sekunde au pungufu, chini ya ile ya diski nzuri ya kuzunguka. Someni pia kiasi cha data ambacho mtengenezaji anaidhinisha kiandikwe katika kipindi cha dhamana: kwa terabaiti moja ya biti tatu ni kawaida kukuta terabaiti 600, na kwa ya biti nne hukuta 200 na kidogo. Kwa studio inayoandika mamia ya gigabaiti kila wiki, tofauti hiyo ya bei inastahili kulipwa.

Kwa hiyo nunueni SSD moja ya biti tatu yenye ukubwa wa kutosha harusi mbili au tatu zilizo mkononi, haririni humo, na kazi ikikabidhiwa ihamishieni kwenye diski mbili za kuzunguka zenye nakala sawa, moja ikae studio na nyingine ikae nyumba tofauti, zote zikiwa ndani ya mifuko iliyofungwa yenye vikausha unyevu kwa sababu ya hewa ya bahari. Ziwasheni mara mbili kwa mwaka na mfungue mafaili machache kutoka kila moja. Ikianza kutoa sauti ya kugonga au kuchelewa kufungua faili, nunueni mpya siku hiyohiyo na mnakili kutoka kwenye ile iliyo nzima.